Kizima au Kizime?

Katika nyumba ya Mkunga hakuna plagi iliyolala ukutani, isipokuwa ya jokofu. Kila jioni, baada ya chakula, bibi huyo alipita chumba kwa chumba akizichomoa. Pasi, chomoa. Birika la umeme, chomoa. Redio, chomoa. Hata chaja ya simu iliyokuwa haichaji kitu aliichomoa, akaukunja waya wake, akaiweka juu ya kabati.

"Mama, redio imekosa nini?" mwanawe alimuuliza.

"Pasi ya jirani nayo haikukosa kitu," Mkunga alijibu. "Ilisahauliwa tu. Ukateketea mlango, likateketea na dirisha."

Moshi wa siku ile wote waliuona.

Mkunga halikuwa jina lake la kuzaliwa. Lilikuwa jina la kazi. Kwa miaka mingi alipokea watoto katika wodi ya wazazi, na alipostaafu jina likabaki. Wengi waliomwamkia mtaani aliwapokea kwa mikono yake mwenyewe. Hakuogopa damu wala kelele za uchungu. Umeme tu ndio uliomtoa jasho.

"Damu naiona," alisema. "Umeme siuoni. Nitauaminije?"

Mwanawe alikuwa kinyozi, na watu walimwita hivyo hivyo, Kinyozi. Aliongea kuliko alivyonyoa. Mkewe walimwita Kimya, kwa sababu alisema neno moja pale ambapo mumewe alisema kumi. Mkunga alimpenda sana mkwe huyo. Asubuhi walikunywa chai pamoja bila kusemezana, na wote wawili waliona wameongea vya kutosha.

Kimya alifanya kazi katika duka la dawa. Lakini alikaa nyuma, stoo, akipanga maboksi. Mbele, penye kaunta, hakuruhusiwa kusimama. Ili avae koti jeupe na kumhudumia mgonjwa, alihitaji cheti. Basi akajiandikisha chuoni, akasoma kwa kompyuta nyumbani, kila alipotoka kazini. Masomo yote aliyamaliza. Ulibaki mtihani mmoja wa mwisho.

Mtihani wenyewe ulifanywa kwa kompyuta, hapo hapo nyumbani. Masharti yalikuwa makali. Kamera ya kompyuta ingemtazama mwanzo hadi mwisho. Haruhusiwi kuinuka kitini. Haruhusiwi kuzungumza na mtu. Na kompyuta ikizimika, mtihani unafungwa.

Hapo kwenye kuzimika ndipo palipowatia hofu. Umeme wa mtaa ule ulikuwa kama mgeni asiyejua kuaga. Uliondoka ulipotaka, ukarudi ulipotaka.

Siku moja Kinyozi alirudi na boksi kubwa kwapani.

"Hii ni UPS," alisema, akitoa kisanduku cheusi, kizito. "Ndani kina betri. Umeme ukikatika, chenyewe kinaishika kompyuta. Kompyuta haitajua kama kuna kilichotokea."

"Ataifunga nani?" Mkunga aliuliza.

"Mimi. Si ndiye fundi wa nyumba hii?"

"Fundi wa nywele," alisema Mkunga.

Kinyozi alicheka, akainama chini ya meza. Alichomeka hiki, akachomoa kile. Karatasi ya maelezo iliyokuja na kisanduku aliikunja mara nne, akaiweka chini ya mguu mfupi wa meza. Meza ikaacha kucheza. Kinyozi akafurahi, akaona ameua ndege wawili kwa jiwe moja.

Mkunga naye hakukaa nyuma. Alileta kitambaa alichokifuma mwenyewe, akakifunika kisanduku vizuri kisiingie vumbi. Na jioni, alipofanya mzunguko wake, alifika kwenye plagi ya kisanduku. Akaichomoa. Ikawa ndiyo desturi. Asubuhi Kinyozi anachomeka, jioni Mkunga anachomoa.

Siku ya mtihani ilifika. Kinyozi alikwenda dukani kwake, barabara ya pili. Kimya alikaa mbele ya kompyuta, mgongo kwa mlango. Mkunga alikaa sebuleni akichambua mchele na kusikiliza redio kwa sauti ya chini. Alikuwa na furaha. Alijiona kama yuko wodini, anamsubiri mtoto.

Ghafla redio ikakatika katikati ya wimbo. Umeme umeondoka. Mkunga akachungulia chumbani. Skrini ya Kimya ilikuwa inawaka. Alishukuru. Kisha akasikia kitu.

Tiii. Tiii. Tiii.

Kisanduku kilikuwa kinalia.

Hakuna aliyemwambia kwamba kisanduku kina sauti. Kinalia nini? Kimezidiwa? Kinataka kulipuka? Akaona mlango wa jirani unavyowaka. Akaona mkwewe amekaa hatua moja tu kutoka hapo. Alikimbilia simu, akampigia mwanawe.

Kule dukani, mwenye duka la pembeni alikuwa amewasha jenereta. Lilinguruma karibu na sikio la Kinyozi.

"Kinalia!" Mkunga alisema. "Kisanduku kinalia!"

Kinyozi alitaka kujua kama kisanduku hakijaharibika. Akauliza, "Kiko kizima?"

Jenereta likameza neno la kwanza. Mkunga akasikia neno la pili, na hata hilo alilisikia nusu. Alisikia "kizime."

"Nikizime?" aliuliza ili awe na hakika.

Kinyozi akasikia "ni kizima." Moyo wake ukatulia.

"Vizuri sana, Mama!" alijibu, akakata simu.

Mkunga alivua viatu, akaingia chumbani kwa ncha za vidole. Kimya alisikia hatua zake. Hakuruhusiwa kugeuka wala kusema, kwa hiyo aliushusha mkono wa kushoto, akaupunga chini ya meza. Alikuwa anasema usiguse. Mkunga alielewa kwamba anasema fanya haraka. Akafunua kitambaa, akakiona kitufe, akakibonyeza kwa nguvu mpaka kilio kikakoma.

Skrini ikawa nyeusi.

Kimya aligeuka. Alimtazama mama mkwe wake, akatazama kisanduku, akatazama skrini.

"Mama," alisema polepole. "Umefanya nini?"

Hakusema lingine. Alikwenda chumba cha kulala, akafunga mlango bila kuubamiza. Afadhali angeubamiza. Mkunga alikuwa amezoea ukimya wa mkwewe, lakini ule wa siku ile ulikuwa mwingine kabisa. Alikaa juu ya kiti cha mtihani, miguu haina viatu, akalia.

Kinyozi aliporudi, ugomvi wa maneno mawili ukaanza.

"Nilisema kizima, Mama."

"Nilisikia kizime."

"Nikakusikia unasema ni kizima."

"Nilikuuliza, nikizime?"

Walitazamana. Siku nyingine wangecheka mpaka mbavu ziwaume. Siku hiyo hakuna aliyecheka.

Kimya aliwaandikia watu wa chuo, akawaeleza yaliyotokea. Walimjibu kwa upole. Atapewa nafasi ya pili, wiki inayofuata. Ya tatu haipo. Akiikosa hiyo, arudie masomo ya mwaka mzima.

"Basi nikafanyie mtihani kwa mtu mwingine," Kimya alisema wakati wa chai. Alisema akitazama kikombe. "Mahali penye umeme."

"Wapi mtaa huu?" Kinyozi aliuliza.

Mkunga aliweka kikombe chake chini. Alikuwa amekesha akiwaza, na sasa alipiga moyo konde.

"Mimi ndiye niliyekizima," alisema. "Mimi nitakitafutia fundi. Na safari hii asiwe wa nywele."

Alijitupia khanga mabegani, akatoka. Alikwenda nyumba ya nne, kwa Mnara.

Mnara alikuwa mwanamke mfupi sana. Jina hilo alipewa kwa sababu ya kazi yake ya kupanda minara ya simu na kutunza mitambo yake. Chini ya kila mnara kuna chumba chenye betri, na betri hizo Mnara alizijua kama mchungaji anavyowajua ng'ombe wake. Mkunga alimkuta anafua.

"Shikamoo, Mama," Mnara alisema, mikono imejaa povu.

"Marahaba, mwanangu. Nimeharibu."

Alimweleza yote, hakuficha. Alipofika kwenye kizima na kizime, Mnara alijitahidi asicheke. Mabega yakamsaliti.

"Cheka tu," Mkunga alisema. "Lakini ukimaliza, twende."

Walikwenda. Kinyozi na Kimya waliitwa, wote wanne wakainama chini ya meza ile moja. Kwanza Mnara aliinua kitambaa kwa vidole viwili.

"Hiki cha nani?"

"Changu," alisema Mkunga. "Cha vumbi."

"Ni kizuri, Mama, kiweke juu ya kochi. Kisanduku hiki kinapata joto, lazima kipumue. Usikifunike. Usikibane na ukuta. Usiweke maji juu yake, hata glasi."

Kisha alifuata waya kwa kidole. Waya ulifika kwenye ekstensheni. Kwenye ekstensheni hiyo palikuwa na taa ya meza, chaja mbili na pasi.

"Na huu mkusanyiko?"

Kinyozi alitazama dari.

"UPS inachomekwa ukutani moja kwa moja," Mnara alisema. "Soketi ya matundu matatu, yenye waya wa kwenda ardhini. Moto anaouogopa Mama unaanzia hapa, kwenye ekstensheni iliyobebeshwa kila kitu."

Mkunga alimtazama mwanawe. Akakohoa kidogo.

"Sasa njooni nyuma yake." Mnara alikigeuza kisanduku, akawaonyesha mistari miwili ya soketi. "Zinafanana, lakini hazifanyi kazi moja. Mstari huu umeandikwa betri. Kitu ukichomeka hapa, umeme ukikatika kinaendelea kuwaka. Mstari wa pili hauna betri. Huo unazuia tu umeme unaoruka ghafla usiunguze vitu. Umeme ukikatika, kilichochomekwa hapo nacho kinazimika. Kinyozi, kwenye betri uliweka nini?"

"Kompyuta. Skrini. Na printa."

"Printa inafanya nini hapo?"

"Si ni ya kompyuta?"

"Ni ya kompyuta. Lakini umeme umekatika, mkeo yuko kwenye mtihani, wewe unataka kuchapa nini? Picha ya giza?"

Hapo Kimya alicheka. Kilikuwa kicheko kidogo, cha puani, lakini Mkunga alikisikia.

"Printa zinakula umeme mwingi kwa mpigo," Mnara aliendelea. "Pasi, birika na jokofu ndiyo usiseme. Ukiviweka kwenye betri, kisanduku kinazidiwa. Lakini kuna kitu kimoja kidogo mmekisahau, nacho ndicho kinachotakiwa hapa kuliko printa. Nani atanitajia?"

Walitazamana. Kimya ndiye aliyenyoosha kidole. Alionyesha juu ya kabati, penye rauta, kidude cha intaneti chenye antena mbili. Waya wake ulikwenda ukutani peke yake.

"Umeme ulipokatika, taa zake zilizimika," Kimya alisema taratibu. "Niliona. Swali lililofuata lilikuwa linazunguka tu, halifunguki."

"Umeona sasa?" Mnara alimgeukia Mkunga. "Mama, hata usingebonyeza kitufe, mtihani ungekatika. Kompyuta ilikuwa inawaka, lakini njia ya kwenda chuoni ilishafungwa."

Mkunga alishika ukingo wa meza. Kitu kizito kilimtoka kifuani.

"Kwa hiyo si mimi peke yangu?"

"Si wewe peke yako. Kinyozi naye yumo." Kisha Mnara akauliza, kama mtu asiyejua, "Jioni huwa mnakichomoa?"

"Kila jioni," Mkunga alisema kwa fahari. Halafu sauti ikashuka. "Nisikichomoe?"

"Betri yake inajaa kikiwa ukutani, Mama. Hata kompyuta ikiwa imezimwa, chenyewe kinaendelea kujichaji. Ukikichomoa kila jioni, asubuhi kinaamka na njaa. Pasi chomoa. Birika chomoa, tena unafanya vizuri. Hiki kiache. Kikiwa kipya, kiache usiku kucha kabla ya kukitegemea."

"Na kikiwaka moto?"

"Kina ulinzi wake ndani. Kikiwa wazi, kina hewa, hakina mzigo wa ziada, huna haja ya kukiogopa. Kikinuka, kikivimba au kikichemka mpaka mkono haushikiki, hapo kizime, kichomoe, uniite. Na skrubu hizi msifungue. Hata kikiwa kimechomolewa, ndani mna umeme."

"Umesikia, fundi?" Mkunga alimwambia mwanawe.

Walianza kazi upya. Mnara alielekeza tu. Mikono ilikuwa ya Kimya, kwa sababu mtihani ni wake. Kompyuta, kwenye betri. Skrini, kwenye betri. Rauta wakaishusha kabatini, nayo kwenye betri. Printa ikahamia mstari wa pili. Kisanduku chenyewe kikachomekwa ukutani, mahali pa peke yake. Kinyozi akapewa kazi ya kutoa karatasi ya maelezo chini ya mguu wa meza na kuinyoosha. Meza ikaanza kucheza, akatumwa akatafute kipande cha ubao.

"Sasa bado kilio," Mkunga alisema. Hicho ndicho kilichokuwa kinamsumbua. "Kwa nini kinalia?"

"Kinatoa taarifa. Kinasema umeme umeondoka, mimi nimeshika kazi. Kikilia polepole, tulia, endelea. Kikianza kulia harakaharaka, betri inakaribia kuisha. Hifadhi kazi yako, zima kompyuta kwa utaratibu, ndipo ukizime na chenyewe. Kikilia mfululizo bila kupumzika, kimezidiwa mzigo, punguza vitu. Kwa UPS yenu ni hivyo. Nyingine zina milio tofauti kidogo, ndiyo maana karatasi hii haifai kuwekwa chini ya meza."

Uso wa Mkunga ukafunguka.

"Kumbe ni kama mtoto," alisema. "Mtoto akitoka tumboni, sisi wodini tunangoja nini? Tunangoja alie. Akilia, tunajua mapafu yamefunguka, ameanza kazi. Asiyelia ndiye anayetutia hofu." Alimtazama Mnara. "Wewe hukulia. Nilikupangusa, nikakusugua mgongo, chumba chote kimenyamaza. Mama yako ananiuliza, mzima? Ninashindwa kumjibu. Halafu ukapiga ukelele mmoja, hata mlinzi wa getini akasikia."

"Na tangu siku hiyo sijanyamaza," alisema Mnara.

"Basi nimekielewa. Kikilia ni kizima." Mkunga alitikisa kichwa. "Na mimi nikakiziba mdomo."

Kesho yake, baada ya Kinyozi kuilinda plagi usiku kucha na betri kujaa, Mnara alirudi kufanya jaribio. Kimya alihifadhi kazi yake yote kwanza. Kisha Mnara akamwambia Mkunga azime swichi ya ukutani.

"Mimi?"

"Wewe, Mama."

Mkunga alizima. Kisanduku kikalia, tiii, tiii. Kompyuta iliwaka. Taa za rauta zilipepesa. Mkunga aliruka hatua moja nyuma, halafu akarudi mwenyewe, akakikaribia, akatega sikio. Walikaa hapo wakinywa chai, wakisubiri. Nusu saa ikapita. Zikaongezeka dakika chache, ndipo mlio ukaanza kukimbia. Kimya akazima kompyuta vizuri, wakarudisha umeme, kisanduku kikaanza kujichaji tena.

Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa jioni. Mkunga alifanya mzunguko wake. Pasi, chomoa. Birika, chomoa. Akafika kwenye kisanduku. Mkono wake ulikwenda wenyewe mpaka kwenye plagi, ukagusa, ukasita. Alirudi chumbani kwake, akafungua sanduku la vifaa vyake vya zamani, akatoa kipande cha bendeji. Wodini, kila mtoto alifungwa utepe mkononi ili asichanganywe na mwingine. Mkunga aliifunga bendeji ile kwenye plagi, akakaza fundo.

"Huyu hachomolewi," alisema, akazima taa.

Siku ya mtihani wa pili ilikuja na jua kali. Kimya alikaa kitini. Kabla ya kuanza, aligeuka akamtazama mama mkwe wake. Mkunga aliweka kiti chake mlangoni kabisa, akakalia mikono yake miwili.

"Fanya kazi yako, mwanangu," alisema. "Mimi nipo, na sigusi."

Mtihani ukaanza. Maswali yakapita. Mtihani ulipovuka nusu, jokofu lilitetemeka jikoni, likanyamaza. Umeme umekwenda zake.

Tiii. Tiii.

Mkunga aliusikia mlio huo mpaka kwenye meno. Moto wa jirani ukamjia, na mlango unaoteketea. Miguu ilitaka kuinuka, akaikataza. Alitazama skrini, inawaka. Alitazama rauta, taa zinapepesa. Alitazama kitambaa chake, kiko juu ya kochi. Mkono wa Kimya uliendelea kuisogeza mausi bila kutetemeka.

Simu ikatikisika mfukoni. Mkunga alitoka mpaka uani ndipo akaipokea, asije akasikika kwenye kamera.

"Mama!" Jenereta lilikuwa linanguruma kule kule. "Kinalia?"

"Kinalia."

"Kizima?"

Mkunga alishusha pumzi.

"Mwanangu, hilo neno liache. Tafuta lingine."

"Kinafanya kazi?"

"Kinafanya kazi. Kata simu."

Alirudi kwenye kiti chake. Sasa alikuwa anasikiliza kwa namna nyingine, kama alivyosikiliza moyo wa mtoto kwa kuweka sikio juu ya tumbo la mama. Mlio, kimya, mlio, kimya. Taratibu. Hofu ilimwisha, ikabaki subira. Subira ilikuwa kazi yake ya miaka yote.

Maswali yalibaki machache. Kisha mlio ukabadilika.

Ti, ti, ti, ti.

Betri inaisha. Kimya alisikia. Mkunga aliona bega lake linapanda. Swali la mwisho lilikuwa la kipimo cha dawa ya mtoto, na Kimya alilisoma mara mbili, ingawa kisanduku kinamkimbiza namna ile. Mkunga alimsifu moyoni. Dawa ya mtoto haijibiwi kwa pupa. Kimya akachagua jibu. Akabonyeza kutuma.

Kompyuta ilifikiri kidogo. Kisha maandishi yakaja kwamba mtihani umepokelewa, na kamera ikazimika. Chini yake zikatokea alama, na pembeni yake neno moja: Umefaulu.

Kimya hakupiga kelele. Kwanza alifanya kama alivyofundishwa. Alizima kompyuta kwa utaratibu, akangoja mpaka skrini ikalala yenyewe. Ndipo akageuza kiti.

"Sasa, Mama," alisema.

"Nikizime?" Mkunga aliuliza, kidole juu.

"Kizime."

Mkunga alibonyeza kitufe. Safari hii nyumba iliponyamaza, ilikuwa sawa. Halafu Kimya, yule wa neno moja kwa siku, alifungua mdomo akapiga ukelele uliovuka ukuta na uwanja. Alimrukia mama mkwe wake, akamkumbatia, akaangua kilio kwa sauti ambayo hakuna mtu mtaani aliyewahi kuisikia.

Mnara alikuja mbio. Kinyozi alikuja mbio zaidi, chanuo limechomekwa nywelani, na nyuma yake mteja aliyenyolewa upande mmoja, shuka la kinyozi bado shingoni.

"Kuna nini?" Kinyozi alihema. "Amefeli? Kwa nini analia?"

Mkunga alikuwa anampapasa mkwewe mgongoni, polepole, kwa mkono uliozoea.

"Mwache alie," alisema. "Ni mzima."

Wiki chache baadaye Mkunga alikwenda duka la dawa kununua vidonge vyake vya presha. Kwenye kaunta alisimama Kimya, ndani ya koti jeupe lililopigwa pasi mpaka mikono inasimama. Alimpa mama mkwe wake dawa, akamweleza namna ya kumeza, kwa sauti ya kusikika, kama anavyomweleza kila mteja. Foleni ilisikiliza. Mkunga aliuliza maswali mawili ambayo majibu yake aliyajua, ili tu amsikie akijibu.

Wakiwa hapo, umeme ulikatika. Chini ya kaunta kitu kikaanza kulia, tiii, tiii. Wateja walishtuka. Mwenye duka aliinama upesi, mkono umenyooka kuelekea kwenye kitufe.

"Usikizime!" walisema mkwe na mama mkwe kwa pamoja.

Mwenye duka alibaki ameinama, kidole hewani. Kimya aliegemea kaunta, akaanza kumweleza yeye na foleni yote, tangu mwanzo, bila kuruka kitu.